Skafu ya Martin

Ingali machoni pangu, mwanangu, ile siku ya baridi Bi Edna aliponivisha skafu ya marehemu mwanawe. Nilikuwa kijana kutoka Tanga, nasoma uhandisi Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nimepanga chumba kwake, mtaa wa Selly Oak. Martin, mwanawe wa pekee, alipigia makasia chuo kikuu kimoja kongwe ambacho rangi yake ni samawati iliyopauka, yenye ukijani kidogo kama maji yaliyotuama. Alizama mtoni wakati wa mazoezi. Skafu yake ya rangi hiyo ilining'inia karibu na mlango na, Mungu shahidi, haikukauka hata ukiisogeza motoni.

"Vaa, utaugua," aliniambia. Ilikuwa nzito, yanuka tope. Kesho yake akaniita, "Martin, chai tayari." Nikamhurumia, nikaitika. Huruma nayo, mwanangu, ina utelezi wake.

Ikawa ndiyo desturi. Jumamosi moja narudi kutoka sokoni, nakuta amepaka kuta za chumba changu samawati ile ile. Nguo zangu zimetiwa sandukuni. Kitandani zimekunjwa za Martin. Nikajitazama kiooni, na uso ule ukachelewa kuwa wangu.

Nilikimbilia mtaa wa Saltley kwa Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyetulea wanafunzi wengi. Nilipomsimulia yote, macho yake yalitua shingoni mwangu, kwenye ile skafu.

"Shabani, umeitikia jina la maiti? Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Rudi, ivue mbele yake, umtajie jina alilokupa mamako."

"Nitamvunja moyo, Bi."

"Ulishavunjika. Wewe wamzuia kulia tu."

Nikarudi mchana ule ule, nikamkabidhi skafu kwa mikono miwili. "Bi Edna, mimi ni Shabani. Martin amefariki."

Juu, chumbani mwangu, tukasikia mlango ukifungwa polepole. Nyumbani tulikuwa wawili tu. Ndipo akalia, kilio alichokibana tangu mazishi. Alipotulia akaniuliza, "Shabani, kwenu ni wapi?"

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Mfiwa mpe bega, mpe muda, usimpe uongo. Nawe uliye ugenini, utapewa majina mengi, mengine kwa mapenzi kabisa, itikia lako. Mola alitunze jina lako vinywani mwa wakupendao, na wafu wetu awalaze pema. Amina.