Sahani ya Bati Mkutanoni

Juzi mwalimu mkuu wa shule moja hapa Muheza alitutangazia wazazi, uso umejaa furaha: "Mwaka huu watoto hawauzi mikeka wala machungwa. Kila mzazi atoe pesa mkononi, darasa liezekwe."

Sahani ya bati ikaanza kupita, na kila sarafu iliyoanguka ililia hadi nje. Mama aliyekaa kando yangu aliitazama ikija kama anayetazama nyoka. Ilipomfikia, aliingiza ngumi katikati ya sarafu za wenzake, akaitoa polepole. Hapakulia kitu.

"Mkeka ningesuka, kaka," alininong'oneza akijifuta jasho. "Ukindu nakata mwenyewe."

Ngumi iliyofuata nayo iliingia kimya.

Mwalimu anasema ametupunguzia kazi. Mimi naona ametuvua sitara.