Mahali pa Picha ya Amparo

Otilia Berumen, mwalimu mstaafu wa Guadalajara na mjane mwenye jina lake mjini, alikuwa amepamba meza ya wafu, ambapo kila mwaka marehemu hukaribishwa nyumbani kwa picha zao, kwa mishumaa, maua ya manjano na mkate mtamu. Kilichokosekana ni picha ya marehemu mdogo wake, Amparo, ambaye maisha yake yote alikataa kupigwa picha.

Mara moja tu aliikubali kamera. Eleuterio, mtoto wa ubatizo wa Otilia, alipigia filamu yake ya kwanza jikoni mwao, na Amparo akacheza peku, glasi ya tekila mkononi, akicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Kata sehemu hiyo," Otilia aliamuru. "Watu watasema mabinti wa Berumen ni walevi. Ichome, nione kwa macho yangu."

Neno la mama wa ubatizo halirudishwi. Eleuterio aliichoma sehemu hiyo uani. Filamu iliyobaki ilitwaa tuzo ng'ambo, naye akawa mwongozaji anayetajwa dunia nzima.

Leo alipokuja kusalimia, Otilia alimvuta pembeni.

"Mwanangu, wewe ni mtundu tangu utotoni. Hukuficha hata kipande?"

"Ningemdanganya mwingine, mama, si wewe. Ulisimama pale mpaka majivu yakapoa."

"Si ungenikaidi!"

"Nani aliwahi kukukaidi? Labda Amparo."

Otilia alicheka. Akaitoa kabatini glasi ya Amparo, akaijaza tekila, akaiweka mahali pa picha, majirani waliofika kusalimia wakimtazama.