Shamba la Lukole

Neno "makini" limechoshwa, jamani. Shuleni niliambiwa kuwa makini ni kukodolea ubao macho. Kila dereva aliyeingia mtaroni anaapa alikuwa makini, na kila mgombea hapa Ngara ni kiongozi makini. Uongo mtupu! Mtu makini niliyepata kumjua ni mmoja tu, mama yangu mzazi, na nilimjulia kwenye shamba letu la maharage kule Lukole.

Pale palikuwa na kambi ya wakimbizi. Watu waliondoka zamani, vyoo vyao vya shimo vikabaki, vimefunikwa na udongo mwembamba na nyasi. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga mahali papya, mama aligonga ardhi kwa mgongo wa jembe, akanyamaza, akasikiliza. Ardhi nzima hutoa mlio mfupi. Yenye shimo huguna.

Asubuhi moja ya ukungu niligeuka, binti yangu wa miaka minne hayupo. Nikamwona mbali, katikati ya nyasi tusizowahi kuzilima. Nilifungua mdomo nimwite, mama akaniziba kwa kiganja chenye udongo.

"Wee! Ukimwita atakuja mbio. Tulia, kuwa makini."

Nilimchukia dakika ile, nasema kweli. Mama akaanza kwenda: anagonga, ananyamaza, anasogea. Ardhi ikaguna, akazunguka. Ikaguna tena. Mtoto alikuwa amechuchumaa, anagonga chini kwa kijiti kama bibi yake, kisha analaza sikio.

Mama alimfikia, akamnyanyua. Mtoto akanung'unika, "Bibi, niache. Wananijibu."

"Akina nani?"

"Wengi."

Mama hakucheka. Alimbeba mpaka kwangu akifuata nyayo zake mwenyewe, akachukua jembe, tukaenda nyumbani. Yale maharage hatukurudi kuyavuna.

Siku hizi binti yangu yuko shule. Mwalimu wake anamsifu, mtoto makini, hana makelele. Mimi naitikia asante tu. Juzi nilimkuta sebuleni amelala kifudifudi, anagonga sakafu ya saruji kwa kifundo cha kidole. Niliinama nimkemee, akaniziba mdomo kwa kiganja, kama bibi yake.

Nikanyamaza. Chini yetu kukagongwa.