Rangi ya Kucha Juu ya Skrubu Nne

Shangazi yangu alihukumiwa na watu ambao hawakufungua hata skrubu moja. Ripoti ya hospitali, kurasa mbili zenye muhuri, ilidai kwamba mashine ya kuwapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati ilizimika kwa sababu bodi ya umeme ambayo shangazi aliitengeneza nyumbani "haikulingana pande zake mbili". Mtoto wa kike wa siku nne alifariki. Shangazi hakuitwa hata kuulizwa.

Mafundi wenzake walimwita Mama Sindano. Bodi yenye njia za shaba juu na chini ina ukaidi mmoja: tundu likitobolewa juu, sharti litokee mahali pake chini. Wengine walikisia. Yeye alichapa michoro miwili kwenye karatasi nyororo, akaikutanisha uso kwa uso kwenye kioo cha dirisha, akapenyeza sindano katika alama za pembe nne, kisha akashona kingo zikawa bahasha. Bodi iliingia katikati, na pasi ya moto ikahamishia wino pande zote mbili. Lakini kabla ya kuchapa, karatasi ilipitishwa tupu kwenye printa ili inywee kwa joto, kwani ikinywea baadaye mchoro hupotoka kwa upana wa unywele, na unywele unatosha kuunguza saketi.

Hapo ndipo ripoti ilipompata. Hakukumbuka kama siku alipoitengeneza bodi ile alipitisha karatasi tupu.

Alikaa na swali hilo miaka mitatu. Aliacha kazi, ila kila asubuhi alizipandisha bodi za zamani dirishani na kuyatazama matundu yenye mwanga kana kwamba nayo yanamtazama. Aling'oa kengele ya mlango kwa kuwa mlio wake ulifanana na king'ora cha mashine ile. Jirani mmoja alisema, naye akisikia, kwamba huyu akikushonea kifungo andika wosia kwanza. Siku moja nilimkuta amewasha hita chini ya meza, mbele ya taulo iliyokunjwa kwa ukubwa wa mtoto mchanga.

Niliiandikia hospitali barua kumi na moja, nikiomba mashine ifunguliwe. Ya kumi na mbili niliipeleka kwa mkono, shangazi akiwa nami, nikakataa kuondoka, na mtunza stoo akatufungulia. Mashine ilikuwa nyuma ya vitanda vibovu.

"Mama Sindano, usinichome tu," mtunza stoo alitania. Shangazi hakucheka.

Aligeuza kisanduku cha bodi. Kila kazi aliyoimaliza aliitia tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya kila skrubu. Matone yote manne yalikuwa mazima.

"Hawakufungua," nilisema kwa hasira.

"Nyamaza kwanza, mwanangu. Bado mimi sijafungua."

Alikwangua rangi, akaitoa bodi, akaipeleka penye mwanga. Sindano ya kwanza, aliyoipenyeza kwenye tundu la pembeni, ilitokea katikati ya alama ya chini. Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu. Kwa ya nne mkono ulikataa. Nikaushika, tukaipenyeza pamoja, nayo ikatokea katikati.

Kisha akaufuata waya wa hita ya mashine, nje ya kisanduku kabisa. Mtu alikuwa ameuunga kwa waya mwembamba, nao ulikuwa umeungua ukawa mkaa.

"Huo ni waya wa kengele," mtunza stoo alisema, akitazama sakafu. "Wiki ile fundi wetu alikosa mnene."

Nilidhani shangazi atashusha pumzi. Alirudishia skrubu moja baada ya nyingine.

"Walimpa jina?" aliuliza.

Mtunza stoo hakujua. Kadi iliyobandikwa kwenye mashine ilisema tu: mtoto wa kike.

Siku hizi amerudi mezani, na karatasi tupu huipitisha mara mbili. Uongozi ulipoonyeshwa waya ule, ripoti ilifutwa tarehe 9 Juni 2021, na tangu siku hiyo mashine yoyote ya hospitali ile ikiharibika, hufunguliwa mbele ya aliyeitengeneza kabla neno halijaandikwa.