Kanzu Zilizotoka Nyekundu

Kwa miaka kumi na tisa Arafa, dobi wa Makole, alifulia kanzu za Ijumaa chini ya tuta la lambo lililo nje ya mji. Maji yalivuja pale kidogo kidogo, meupe kuliko ya lambo lenyewe, na wanawake waliyaita chemchemi. Marehemu mumewe, Hanifu, aliyekuwa mlinzi wa lambo, hakuyahofia.

"Maadamu ni meupe, tuta ni zima," alimwambia. "Siku yakitoka na udongo, ujue linaliwa kwa ndani. Kimbia, usirudi hata kuchukua sabuni."

Alhamisi hiyo, baada ya mvua ya siku tatu, Arafa aliinua kanzu kutoka kwenye beseni ikatoka nyekundu. Akakinga maji kwa viganja; yakamwachia tope. Juu yake tuta lilikuwa kimya, mbuzi wakila majani, kama halina neno.

Kisha akasikia vicheko. Wanawake saba walikuwa wakiteremka na ndoo, binti yake Shamila mbele, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama! Chemchemi imejaa leo!"

Arafa alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Akaipiga teke ndoo ya bintiye, akaanza kuwarushia wote mawe.

"Amepandwa na wazimu!"

Wakatimua mbio kupanda kilima, wengine wakimtukana, naye nyuma yao na mawe mkononi, akimwomba Mungu woga wao usiishe kabla hawajafika juu.