Nyumba ya Baba

Upepo ulioezua nyumba ya mama yangu ulikuja mchana, na mvua ya mawe ikaufuata nyuma. Mimi nilikuwa Keroka, kwenye kibanda changu cha mitumba, nikifunika nguo kwa karatasi ya nailoni na kuilaani mvua hiyo hiyo. Jirani wa mama aliponipigia simu nilipanda bodaboda, nikafika nikamkuta mama jikoni, katika kile kijumba cha udongo cha kupikia, amekaa juu ya gunia na kuku wake. Nyumba kubwa ilikuwa imebaki kuta. Mabati mawili tuliyaona huko chini kwenye majani chai ya watu, yamekunjamana. Mengine mpaka leo sijui yalikokwenda, ingawa nina watu ninaowashuku.

Mama alikataa kuhamia kwangu. Alisema chumba changu ni cha mtu mmoja na nusu, na ng'ombe nani atamkamua? Basi akawa analala jikoni, kwenye moshi, na kifua chake kilichokuwa kibovu tangu zamani kikaanza kumbana hata akiwa amekaa tu. Masika ndiyo kwanza yalikuwa yameanza. Nilijua akikaa mle mpaka mvua iishe, nitamzika.

Redio ikatangaza kwamba kaunti itawapa msaada wa dharura walioharibiwa nyumba na mvua: mabati, blanketi, unga na maharagwe, na kwamba wajane na wazee wanaoishi peke yao watatangulizwa. Mimi nikisikia neno msaada, masikio hunisimama. Keroka yetu imegawanywa kati ya kaunti mbili, ukivuka barabara umehama serikali, na nimeona watu wenye shida wakivushwa huku na huko mpaka wakachoka. Lakini mama alikuwa anakohoa. Nilichukua kitambulisho chake, nikaenda ofisi ya wodi ya huko kijijini kwake.

Mwandikishaji alikuwa mwanamke wa pande za ziwani, nilimjua kwa Kiswahili chake, na alikuwa mpole kupita kiasi. Upole wa ofisini hunitia wasiwasi kuliko ukali. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, watu wananisukuma kwa viwiko. Aliuliza, nikajibu, akaandika, nikatoka mbio ili niwahi wateja wa jioni.

Majina yalipobandikwa ukutani kwenye ofisi ya naibu wa chifu, la mama halikuwapo. Nilipitisha kidole juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Mwanamke mmoja mwenye nyumba ya mawe na tangi la maji alikuwamo. Mama yangu hakuwamo.

Sikuhitaji kuambiwa nani amefanya hivyo. Mzee wa kijiji ndiye aliyezunguka na daftari lake kutazama nyumba zilizoharibika, na mzee huyo ndiye aliyewahi kuamua kesi yetu ya mpaka, akatunyang'anya mistari miwili ya majani chai na kumpa jirani. Nilianza kumchunguza. Nikaona ana gambuti mpya. Mzee ambaye miaka yote nimemjua kwa viatu vilivyochoka, leo gambuti mpya, tena wakati wa kugawa msaada? Nani amemnunulia? Nilimuuliza mama, akasema labda mtoto wake. Nikamwambia mama kwamba wema wake ndio unaomlaza jikoni.

Kwenye baraza lililofuata nilisimama kabla hata sijapewa nafasi. Mzee huyo alikuwa rika la marehemu baba yangu, na kwa heshima ya kwetu nilipaswa kumwita tata, jina la mzazi wa kiume. Sikumwita.

"Mzee," nikasema, "hayo mabati ya mama yangu umeezekea wapi?"

Watu walicheka. Alijibu taratibu kwamba alimwandika mama yangu wa kwanza kabisa. Nikasema hata mwizi wa kuku huapa hivyo hivyo, manyoya yakiwa mdomoni. Alikaa akatazama gambuti zake, na mimi nikaona hiyo ni dalili ya hatia. Nilirudi Keroka nimejaa ushindi, nadhani hata nilitembea tofauti.

Kilichobaki ni ushahidi. Nilirudi ofisi ya wodi nikamwambia yule mwanamke mpole kwamba nataka kuona karatasi ya mzee wa kijiji, na kwamba siondoki. Hakubisha. Alifungua faili, akaigeuza upande wangu. Jina la mama lilikuwa la kwanza. Mbele yake mzee ameandika kwa herufi kubwa za kuhangaika: nyumba imeisha yote, mjane, yuko peke yake, kifua kibaya, asaidiwe haraka.

Nikauliza mbona sasa ameachwa.

Alitoa karatasi nyingine, ile aliyoiandika siku nilipokuja mimi. Akasema karatasi mbili zikipingana, jina huwekwa kando kwanza mpaka ukweli ujulikane. Mzee amesema mjane. Mimi nimesema mume yupo.

Nikamwambia sijawahi kusema kitu kama hicho maishani mwangu. Nilishaanza kumshuku yeye sasa, nikiwaza ni kiasi gani wamegawana na mzee. Akanisomea polepole. Aliniuliza nyumba ni ya nani, nikasema ya baba. Akaniuliza baba yuko wapi, nikasema yuko nyumbani, kifua kinambana, hawezi kutembea mpaka huku.

Niliyasikia maneno hayo kwa sauti yangu mwenyewe. Sisi Wagusii, kwa lugha yetu ya nyumbani, mama ndiye baba. Aliyekuzaa unamwita baba tangu ujue kuongea. Kiswahili nimekisoma shuleni na nakitumia kila siku na wateja, sikosei, lakini siku ile nilikuwa na hofu na viwiko vya watu mbavuni, na nikiogopa mimi hurudi kwetu.

"Sasa huyu baba ni nani?" akaniuliza.

"Ni mama," nikasema.

Alicheka kidogo tu, akaacha. Akasema lori la mabati linakuja keshokutwa, na yeye hawezi kufuta kwa maneno matupu. Alitaka cheti cha kifo cha baba yangu. Baba alifia nyumbani zamani, tukamzika nyuma ya migomba, na cheti hakuna aliyekwenda kukitafuta. Basi ilibaki barua, na barua hiyo iwe na sahihi ya mzee wa kijiji.

Mama ana paa sasa, na kifua kimetulia. Nalisema hapa ili msomaji asibaki na roho juu. Lakini mguu ulikuwa mzito asubuhi ile nilipopanda kwenda kwa mzee, na nusu ya njia nilitamani nikute hayupo.

Alikuwa anakata nyasi za ng'ombe. Nilimwita tata. Nikamweleza yote, la baba na la mama, nikaomba msamaha vibaya vibaya, nikirudia maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani, akatoka na daftari na kalamu, akaviweka mbele yangu kwenye kigoda.

"Andika wewe," akasema. "Mimi nikiandika, utasema kuna kitu nimeficha."

Niliandika nikiwa nimepiga magoti, aibu imenishika mpaka shingoni. Nikaandika kwamba baba yangu alikufa, na kwamba mama yangu ni mjane na anaishi peke yake. Nikamwomba asome kwanza. Alichukua kalamu, akatia sahihi chini ya maneno yangu bila kuyatazama, akanirudishia karatasi, akarudi kwenye nyasi zake.