Maua ya Nilofar Yaliyobaki Downsview

Theluji imelundikana mlangoni mwa karakana ya kudarizi hapa Downsview, ughaibuni. Ndani, Nilofar Kassam, mzaliwa wa Mwanza, anawasha kompyuta mpya ili aifikie ya zamani. Kwenye kioo kinafunguka kidirisha cha kijivu chenye herufi nene za mwaka 1993. Programu ya kuigiza ndiyo inayoifanya mashine ya leo ijifanye ya enzi zile.

"Bila hii maua yangu hayafunguki," anasema. "Kompyuta niliyochorea ilikufa 2009. Nilihangaika majira ya baridi mazima mpaka nikaifufua humu."

Maua ni michoro ya shali za maharusi, ambayo cherehani huifuata yenyewe. Ameichora kwa miaka ishirini, na ndiyo anayoililia leo.

Karakana ni ya Sadru, anayesali naye jamatkhana moja. Hawakuwahi kuandikiana mkataba. Kwa watu wa jamati moja, kumdai mwenzako karatasi ni kumwambia humwamini.

"Ningeona haya," anasema Nilofar. "Mkewe ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege."

Haya hiyo imemponza. Kompyuta aliyoifufua, pamoja na michoro yote, sasa ni faili moja inayoenea kwenye flashi. Sadru ameinakili na kuipeleka karakana ya bei nafuu ng'ambo, na kesho Nilofar anaachishwa kazi. Shukrani gani hii, jamani?

Aliomba apewe mchoro mmoja tu, aliouchora kwa ajili ya harusi ya bintiye, Zahira. Akanyimwa.

"Nilofarbai ni dada yetu, mtu wetu," Sadru anamwambia mwandishi huku akifunga vifungo vya koti. "Lakini mali ya kiwanda ni ya kiwanda."

Zahira naye alimjibu mama yake kwa Kiingereza kwamba shali ya dukani itatosha. "Hapo ndipo nilipolia," anasema Nilofar.

Mbona asiunakili mchoro huo kimyakimya, wakati kompyuta iko mbele yake na hakuna anayemtazama?

"Halafu Ijumaa nikae jamatkhana na kitu cha wizi mkobani? Aibu hiyo namwachia Sadrubhai."

Ameamua kuuchora upya kwa kumbukumbu, mezani jikoni kwake Parkdale, na kuidarizi shali kwa mkono kabla ya harusi ya Juni. Macho yamepungua nguvu, vidole vinamuuma kwa baridi.

"Nikimaliza, Sadrubhai nitamwalika," anasema. "Nitamkalisha meza ya mbele, aitazame shali vizuri."